Bosi wako anajua unachofikiria?

Kuna ofisi ambazo bosi akipita kila mtu anatabasamu, mlango wake ukifungwa tu, vichwa vinakutana. Nani kapandishwa cheo, nani kanyimwa likizo, nani siku hizi ndiye kipenzi cha wakubwa. Siku ya kikao bosi anauliza, "Kuna mwenye swali?" Kimya! Wote macho kwenye daftari.

Mimi kama mhariri nipo katikati. Juu yangu kuna wakubwa, chini yangu kuna waandishi, kwa hiyo nasikia ya pande zote. Niwaambie ukweli: wengi ninaowajua walioacha kazi hawakuondoka kwa ajili ya mshahara peke yake. Walichoka kutosikilizwa. Rafiki yangu mmoja aliomba likizo mara tatu, hakujibiwa ndiyo wala hapana. Mara ya nne alipeleka barua ya kuacha kazi. Bosi akashangaa, "Mbona hukusema?"

Jamani, likizo si hisani. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka, sikukuu zinazoangukia humo zikiwemo. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu, isipokuwa kwa mameneja wa ngazi za juu.

Ukitaka kuongea na bosi, usimvizie kwenye korido wala usimvamie mbele ya wenzako. Omba muda. Nenda na jambo moja: nini kilitokea, lini, na unaomba nini. Mkimaliza, mwandikie kwa kifupi mlichokubaliana.

Ikishindikana, kipo chama cha wafanyakazi, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 tu za kufikisha mgogoro huko, kwa hiyo usizimalize kwa kulia.

Na wewe bosi, kimya cha kikaoni usikiite kuridhika. Mtu akileta malalamiko, mjibu, hata kama jibu ni hapana, na umpe sababu. Usianze msako wa "nani kasema?" Ukimwadhibu wa kwanza aliyefungua mdomo, wa pili hutamsikia kabisa. Utasoma barua yake tu.