Kofia ya Thị Nhi

Kofia mbili zina mbawa, ya tatu haina. Zote ni za karatasi, zimenakshiwa kwa nyuzi za rangi ya dhahabu na vioo vidogo vya mviringo, zimepangwa mezani kando ya kuku mzima wa kuchemsha na wali wa kunata. Mbawa ni nyembamba, za mtindo wa kereng'ende. Ukizigusa kwa ncha ya kidole zinatikisika. Zenye mbawa ni za wanaume. Ya katikati, isiyo nazo, ni ya mke wao.

Mkasa wao nilisimuliwa na bibi mmoja wa Hanoi, na tangu hapo haujanitoka.

Trọng Cao alikuwa akimpiga mkewe, Thị Nhi, kwa kuwa hawakujaliwa mtoto. Mke akaondoka, akaolewa na Phạm Lang, akatulia. Trọng Cao akajuta, akamtafuta huku na huko hadi akawa ombaomba, na siku moja akabisha hodi mlangoni kwa Thị Nhi bila kujua ni kwa nani. Mama wa watu akamtambua, akampakulia chakula. Mara Phạm Lang huyo anarudi. Kwa kuhofia kudhaniwa vibaya, Thị Nhi akamficha mgeni ndani ya rundo la majani makavu ya mpunga. Mumewe, aliyehitaji majivu ya kurutubisha shamba, akalitia moto. Trọng Cao akanyamaza, akaungua. Thị Nhi akajitupa motoni. Phạm Lang, asiyeelewa kitu, akamfuata mkewe. Ngọc Hoàng, mfalme wa mbinguni, akawahurumia, akawafanya mafiga matatu na miungu wa jikoni, Ông Táo.

Nilimuuliza bibi kama ni haki mwanamke yule kuwekwa milele jiko moja na mwanamume aliyempiga. Alijibu kwamba chungu hakikai bila mafiga matatu. Sikuridhika, na sidhani naye aliridhika, maana aliinyoosha tena ile kofia ya katikati ingawa ilikuwa imekaa sawa.

Safari ya miungu hao kwenda mbinguni ni tarehe 23 ya mwezi wa 12 wa kalenda ya mwezi mwandamo, wiki moja kabla ya Tết, mwaka mpya wa Vietnam. Mwaka 2026 iliangukia Februari 10. Bibi anashikilia kwamba lazima waagwe kabla ya saa sita mchana, wasichelewe barazani kwa Ngọc Hoàng. Huko wanasema yote yaliyotendeka nyumbani mwaka mzima, kisha wanarejea usiku wa kuamkia mwaka mpya. Karatasi zinachomwa ili ziwafikie, na kipando chao ni samaki mwekundu aina ya cá chép, ambaye hugeuka joka akapaa.

Kwa hiyo samaki huachiliwa wakiwa hai. Kwenye daraja la Long Biên, juu ya Mto Mwekundu, vijana husimama na mabango ya kuwasihi watu waachie samaki, si mifuko ya plastiki. Bibi hakubali kurusha kutoka juu, samaki wanakufa. Yeye huteremka hadi ukingoni, akachuchumaa, akainamisha ndoo taratibu mpaka watoke wenyewe.

Lakini wapo wanaongoja hapo karibu wakiwa na fimbo za umeme, wanawanasa samaki walewale ili wawauze tena. Bibi huwakemea waziwazi. Nilipomuuliza habari za nyumba zinafikaje juu ikiwa kipando kimeshavuliwa, hakunijibu.