Kiambishi cha Kigeni Kinapopata Uraia

Ndugu msikilizaji, neno la kigeni likiingia katika lugha tunalitambua upesi kwa sura yake. Lakini mkia wa neno, yaani kiambishi tamati, huingia kimyakimya. Leo nataka tukitazame Kilatvia, lugha ya nchi ndogo ya Latvia, kando ya Bahari ya Baltiki.

Mji wa Riga uliasisiwa mwaka 1201, na kwa karne nyingi Wajerumani ndio waliokuwa mabwana wa ardhi na biashara. Baadaye wakaja watawala wa Kirusi. Haishangazi basi kwamba Kilatvia kimekopa sana.

Hatua ya kwanza ni kumvisha mgeni nguo za nyumbani. Kitenzi cha Kijerumani organisieren, kuandaa, kimekuwa organizēt. Hata -ist ya kimataifa haiachwi hivi hivi: mtalii mwanamume ni tūrists, mwanamke ni tūriste.

Hatua ya pili ni kugawana kazi. Shirika huitwa organizācija, kwa mkia wa kukopa. Tendo lenyewe la kuandaa huitwa organizēšana, kwa mkia wa kienyeji. Mzizi ni mmoja, kazi mbili, wala hakuna ugomvi.

Hatua ya tatu ndiyo mtihani: je, kiambishi cha mgeni kinaweza kushika mzizi wa wenyeji? Majimbo ya kale ya Walatvia yana neno zeme, maana yake nchi: Kurzeme, Vidzeme. Kisha ikaja -ija, ambayo ni -ia ya Kilatini. Mrusi wao humwita krievs, na Urusi ikawa Krievija. Nchi yao wenyewe ni Latvija. Nani leo atasema -ija ni mgeni? Hata Tanzania, kwao ni Tanzānija.

Wako wanaohofu kwamba mikopo ya namna hii huua lugha. Mimi sioni hivyo. Zama za Kisovieti, Kirusi kilitawala maofisini, na Mlatvia angeweza kukosa kuhudumiwa kwa lugha yake katika nchi yake. Sheria ya lugha ya Mei 1989 haikuwinda viambishi. Ilitaka Kilatvia kitumike kazini na katika huduma kwa wananchi.

Nasi tunasema ukomunisti: u- yetu mbele, -isti ya wageni nyuma, na Kiswahili kingali hai. Tuogope zaidi siku mwananchi atakapoona haya kukitumia mbele ya karani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.