Tupande Muhogo ao Tungoje?

Mwezi huu hatutaandika juu ya chakula wala juu ya visima. Tunataka kuandika juu ya neno ambalo tunalisikia jioni, wakati bukari imekwisha kuliwa na watoto wamelala. Je, mtu ambaye hajui kesho atakuwa wapi, anaweza kupenda? Anaweza kuoa, kujenga, kupanda? Ao akae tu juu ya mzigo wake kama abiria, akingojea gari ambalo hakuna aliyemwambia saa yake?

Tunaanza na muhogo, kwa sababu muhogo haudanganyi mtu. Maharagwe yanataka miezi mitatu. Mahindi, mine ao mitano. Hayo mtu anaweza kuyapanda huku moyo wake uko Pweto. Lakini muhogo unataka mwaka mzima, na mara nyingi mwaka na nusu ao miwili, mbele ya kutoa kiazi chenye unga wa kutosha. Kwa hiyo ukitaka kujua jirani anafikiri nini juu ya kesho, usimwulize, maana atakujibu kwa heshima tu. Tazama shamba lake.

Wakati Mantapala ilifunguliwa, Januari 2018, na jamaa zikaanza kutoka kituo cha Kenani na kuonyeshwa viwanja vyao, kulikuwa na bwana na bibi walioshindana juu ya jambo hilo. Bwana alisema kupanda muhogo ni kusaini karatasi kwamba hatutarudi nyumbani tena. Bibi hakubishana. Alikwenda kuomba vijiti kwa mama mmoja wa Zambia, akavichomeka nyuma ya nyumba, karibu na shitingi ya choo, mahali ambapo bwana hapiti sana. Walikaa miezi mingi bila kulitaja. Bwana hakulima hata mstari mmoja. Sombe yake lakini aliikula, tena aliomba aongezewe. Sisi tulicheka, na yeye mwenyewe alicheka siku ile bibi alipong'oa kiazi cha kwanza. Lakini tusimhukumu haraka. Neno alilosema ndilo wengi wetu tunalo ndani: nikijenga hapa, je, nimesahau kule?

Na kusema kweli, woga wa kuamini una sababu. Sisi si watu wa kwanza kuvuka kuja upande huu. Julai 1999 wakubwa walisaini mapatano ya kusimamisha vita, tena waliyasaini Lusaka, hapahapa Zambia. Watu wakapiga makofi. Desemba 2000 Pweto ikaanguka mikononi mwa RCD na jeshi la Rwanda. Watu wakakimbia kuingia Zambia kwa maelfu, na askari wa serikali nao wakakimbia pamoja na raia. Wakati ule kulikuwa na kambi ya Mwange upande wa Mporokoso, na Kala upande wa Kawambwa. Oktoba 2004 mauaji ya Kilwa yakaleta wengine tena kwa mitumbwi. Mwaka 2007 HCR ikaanza kurudisha wenye kupenda, wengi kwa njia ya Mpulungu mpaka Moba. Mwaka 2010 Mwange na Kala zikafungwa. Watoto waliozaliwa pale, waliosoma pale programu ya Kongo kwa Kifaransa, walikwenda kuiona kwa mara ya kwanza nchi ambayo walikuwa wanaiimbia.

Halafu, kutoka mwisho wa Agosti 2017, njia ile ile ikajaa tena. Vita vya Mai-Mai upande wa Pweto, ugomvi wa Waluba na Watwa katika Tanganyika, nyumba zikichomwa. Kati ya waliovuka walikuwamo watu ambao walikuwa wamekwisha kukaa Kala ao Mwange wakiwa watoto. Sasa walikuja wakiwa na watoto wao mgongoni. Mtu wa namna hiyo ukimwambia «amani iko karibu» anakutazama tu. Desemba 2021 msafara wa kwanza wa wenye kujitolea ulitoka Mantapala kurudi Pweto. Wengine walipanda magari wakiimba. Wengine walisimama kando ya njia wakapunga mkono, wakarudi nyumbani kupalilia. Hatuoni kwamba hawa walikuwa na akili kuliko wale. Kila jamaa ilihesabu wafu wake na watoto wake, ikaamua.

Tuseme sasa juu ya ziwa. Tulipata karatasi ya ruhusa ya kutoka tukaenda Mununga, kwa wavuvi. (Bila karatasi usijaribu. Wako walioona taabu juu ya kwenda kununua samaki tu.) Mununga ni mahali pa kuona maisha. Mchana chisense imeanikwa, ukiitazama kutoka mbali utafikiri ni mchanga umepakwa fedha. Usiku, kama hakuna mbalamwezi, wavuvi wanakwenda na taa, kwa sababu chisense inafuata mwanga. Ukisimama pwani unaona taa nyingi kule kwenye maji, kama mji. Hujui ipi ni ya Zambia na ipi ni ya Kongo. Samaki nao hawajui. Mpaka unapita katikati ya ziwa, lakini Kibemba kinasemwa huku na kule, na Kiswahili chetu kinasikika sokoni kila mara mfanyabiashara wa Kongo anapoanza kubishana juu ya bei.

Maji yale yako na hadithi yake. Novemba 1867 Livingstone alifika kwenye Mweru pamoja na watu wake, akiwa anatafuta chanzo cha Nile. Alitumaini maji haya yanakwenda huko, mpaka Misri. Alikufa mwaka 1873 kwa Chitambo, nchi hii hii ya Zambia, bado anatafuta. Kumbe maji yanatokea Pweto kwa mto Luvua, yanapita Kiambi, yanafika Ankoro na kuingia katika Lualaba, mto wetu wa Kongo. Mmoja kati yetu, mzaliwa wa Ankoro, aliposikia hayo kule pwani ya Mununga alinyamaza. Halafu alivua viatu akaingia mpaka magotini. Hakusema anafanya nini na sisi hatukumwuliza.

Lakini jambo lililotupeleka Mununga hasa lilikuwa la mama mmoja ambaye tunamjua. Hatutasema jina. Mume wake walipotezana usiku wa kukimbia. Yeye alivuka na watoto watatu, mume alikuwa amebaki nyuma kutafuta mama yake mzee. Kutoka siku ile, hakuna neno. Hakuna aliyemwona amekufa, hakuna aliyemwona mzima. Sasa kuna mwanaume, mchuuzi wa samaki, mtu mpole, anayewapenda watoto. Amesema anataka kuja kwa wazee kuleta mali, kadiri anavyoweza. Na huyu mama anatuuliza: nikikubali, na mume wangu akitokea kesho na mfuko wake begani, nitamtazama kwa macho gani? Nikikataa, na kumbe yeye alikwisha kufa siku ileile, nitakuwa nimemngojea nani?

Ndugu wasomaji, hapa ndipo mashauri ya haraka yanakwisha. Kama mtu amekufa, tunajua la kufanya. Tunalia, tunalala chini kwenye matanga, wazee wanasema, mwisho watu wanarudi kazini. Msiba uko na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Lakini mtu aliyepotea hana kaburi wala matanga. Huko Marekani mtaalamu mmoja, Pauline Boss, alifanya kazi na jamaa za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, akaona kwamba huzuni ya namna hii ni tofauti. Haiponi kwa njia ya kawaida, kwa sababu kila asubuhi inaanza upya. Anafundisha kwamba mtu wa namna hiyo si mgonjwa na si dhaifu. Hali yenyewe ndiyo ngumu. Tena anasema watu wanaoweza kuishi nayo ni wale wanaojifunza kushika mambo mawili pamoja: labda amekufa, labda yuko mzima. Hawalazimishwi kuchagua moja.

Tulipomweleza huyu mama maneno hayo, alisema wamama wa hapa walikwisha kuyajua mbele ya Wamarekani. Labda ni kweli. Wako wamama ambao jioni wanaweka sahani ya mtu asiyekuwapo, na asubuhi wanakwenda kwenye kikundi cha kushona, wanacheka na wenzao. Sisi zamani tulifikiri ni kujidanganya. Leo tunafikiri ni kazi nzito, na wanaifanya bila mshahara.

Juu ya ndoa yenyewe, mambo ya sheria ni marefu, na ya dini pia. Kila mmoja aulize viongozi wake na wazee wa jamaa zote mbili, asijifiche. Lakini tuko na neno moja la kusema waziwazi, hata kama litawaudhi wengine. Tumesikia watu kwenye bomba la maji wakiwasema vibaya wanawake kama hawa: ati hakumpenda mume wake, ati amesahau upesi. Na wanaume waliooa tena nyuma ya mwaka mmoja tu, mbona hatusikii wakisemwa kwenye bomba? Tunawaomba muache. Mtu anayepalilia mashamba mawili kwa mkono mmoja haongezewi jiwe.

Vijana nao wako na lao. Wengi wanasema hawaoi kwa sababu hawana mali ya kutoa, na wazee wa bibi arusi hawataki kusikia habari ya deni la maneno matupu. Matokeo yake, watoto wanazaliwa bila wazee kukutana, na ugomvi unaanza juu ya mtoto ni wa ukoo gani. Wengine wameoa ao kuolewa na Wazambia. Hayo tunayaona ni mema, lakini andikisheni ndoa, na andikisheni mtoto mapema baada ya kuzaliwa. Mtoto bila karatasi anarithi ukimbizi ambao hakuuchagua. Kuna kijana mmoja aliyekubaliana na wazee atoe mali kidogo kidogo, kwa samaki, lakini kutoka Desemba 1 mpaka mwisho wa Februari uvuvi umefungwa. Wazee wakamwambia: basi hata sisi tutafunga mdomo mpaka Machi. Bibi alimpata Aprili. Sasa wako na mapacha na usingizi hawana.

Yule mama, mtauliza, aliamua nini? Hajaamua. Mchuuzi wa samaki alimwambia atangoja mpaka jibu la Msalaba Mwekundu litoke, na kama halitatoka watakaa tena na wazee. Wakati huohuo amemsaidia kulima. Tuliona shamba lao. Ni muhogo, mistari sita, bado mdogo, unafika kwenye goti.

Kwa hiyo tunamalizia na maelezo kwa wote wenye mtu aliyepotea. Kazi ya kutafuta jamaa inafanywa na Msalaba Mwekundu wa Zambia pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na ni bure. Mtu akikuomba pesa juu ya kazi hiyo, huyo si wao. Unapokwenda, ujue mambo haya mbele, maana wengi wanafika pale wanakwama: jina lote la unayemtafuta na majina mengine anayoitwa nyumbani, jina la baba yake na la mama yake, mahali alipozaliwa, kijiji na chefferie, kazi aliyokuwa akifanya, mara ya mwisho alionekana wapi, mwezi gani, pamoja na nani. Kama hujui kuandika, watakuandikia. Barua ya Msalaba Mwekundu haifungwi, inasomwa, kwa hiyo andika habari za jamaa tu: nani yuko mzima, nani amezaliwa, nani amefariki, mko wapi. Siasa na habari za askari usiziweke, kwa sababu barua haitakwenda. Na kama utahama, ao utarudi Kongo kwa msafara, pita kwao kwanza uwaambie mahali unapokwenda, ili jibu likija lisikute nyumba tupu.

Wamama wenye watoto wadogo waliopotezana nao watangulie mbele ya mstari. Wanaume mtawaachia nafasi.