Tunajua Kusafiri, Kutembea Hatujui

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu mjini Prague, katika nchi ya Ucheki, nilimtumia baba yangu picha moja kwa njia ya posta. Katika picha hiyo tulikuwa watu wanne: Mtanzania mzaliwa wa Tanga, Mganda mmoja, Mkenya mwenzangu kutoka Machakos, nami. Tulikuwa tumesimama msituni, viatu vimejaa matope, kila mmoja ameshika fimbo na kikapu cha uyoga, na sote tunacheka. Barua ilipofika Navakholo, baba aliitazama picha hiyo kwa muda, kisha akampa dada yangu ujumbe anifikishie kwa simu: "Mwulize nduguyo, huko Ulaya alikwenda kusoma ama kuokota kuni?"

Nilicheka siku hiyo. Hata hivyo, swali lenyewe limenikaa moyoni miaka yote hii, na leo ningependa kulijibu mbele ya walimu na wanafunzi, kwa kuwa naamini linawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Baba alikuwa mkulima wa miwa. Katika maisha yake, miguu ilikuwa na kazi maalumu: kwenda shambani, sokoni, kanisani, hospitalini na matangani. Kwetu Navakholo, mtu mzima akikutwa njiani huulizwa aendako, na jibu la "natembea tu" si jibu. Atakayelitoa atadhaniwa ana jambo analolificha, au akili zimeanza kumruka.

Mimi mwenyewe nilikwenda Ulaya na fikra hizo hizo. Mwaka wangu wa kwanza, 2006, nilikataa kila mwaliko wa matembezi. Wenzangu walipotoka Jumamosi, nilibaki bwenini na vitabu vyangu, nikihesabu fedha za udhamini na karo ya wadogo zangu. Nilijiona mwadilifu. Mwishowe yule ndugu wa Tanga alisimama mlangoni, akaniambia: "Ndugu yangu, nauli ya treni utairudisha. Ujana huu hutaurudisha." Nikavaa viatu.

Ijumaa alasiri stesheni za treni za Prague hujaa watu waliobeba mifuko mgongoni. Wazee, watoto, makarani na maprofesa, wote wanatoka mjini kwenda msituni, mtoni na kwenye vibanda vyao vya mashambani. Matembezi hayo huyaita výlet. Nikiwa mwanaisimu, sikuweza kulipita neno hilo bila kulikagua. Limeundwa kwa kiambishi chenye maana ya kutoka nje na mzizi wenye maana ya kuruka kama ndege. Anayekwenda výlet, basi, ni ndege aliyetoka tunduni. Hapana aulizwaye anakwenda kufanya nini huko.

Wala desturi hiyo haikuota kama nyasi. Mwaka 1888 ilianzishwa Klabu ya Watalii wa Kicheki, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Vojta Náprstek, ambaye jina lake linabebwa hadi leo na jumba la makumbusho la Prague lenye vitu vya tamaduni za Asia, Afrika na Amerika. Mwaka uliofuata wanachama walianza kupaka alama njia za miguu. Alama yenyewe ni mistari mitatu juu ya mti au jiwe: miwili ya pembeni ni myeupe, na wa katikati ni mwekundu, wa buluu, wa kijani au wa manjano. Leo njia hizo zina urefu wa zaidi ya kilomita 40,000, na wanaozipaka rangi upya ni watu wa kujitolea. Mgeni asiyejua neno moja la Kicheki aweza kuondoka stesheni ya kijiji, akafuata rangi moja siku nzima, akatokea stesheni nyingine bila kupotea.

Tulianza na ngome ya Karlštejn, isiyozidi mwendo wa saa moja kwa treni kutoka Prague. Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1348 kwa amri ya Mfalme Charles wa Nne, mwaka ule ule alioasisi chuo kikuu cha mji huo. Njiani niliona jambo lililonishangaza. Mcheki ambaye mjini hukupita kama hakukuona, msituni hukusalimu. Vijana wao husema "ahoj". Hiyo ni salamu ya mabaharia iliyopata makazi katika nchi isiyo na bahari. Sitadai kwamba kila jicho lilitutazama kwa wema. Hilo lingekuwa uongo. Lakini bibi kizee mmoja alitusimamisha, akachungua vikapu vyetu, akautupa nusu ya uyoga tuliookota huku akitikisa kidole, kisha akatujazia kutoka kikapu chake. Jioni hiyo tulikula pamoja jikoni bwenini. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani, nililala bila kuwaza karo.

Wala hatukuwa Waafrika Mashariki wa kwanza kuikanyaga nchi hiyo. Katika miaka ya 1960 vijana wengi wa Kiafrika walipelekwa kusoma Chekoslovakia, na kwa upande wa Kenya, Jaramogi Oginga Odinga alikuwa miongoni mwa waliowatafutia vijana wetu nafasi za masomo katika nchi za kambi ya mashariki. Prague ilikuwa na Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichofunguliwa mwaka 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni na kufungwa mwaka 1974. Jina lake liliwakumbuka wanafunzi wa Kicheki walioteswa na kuuawa na Wanazi mnamo Novemba 1939, vyuo vyao vilipofungwa. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 1989, ndipo wanafunzi wa Prague walipoandamana na kuanzisha mageuzi yaliyouangusha utawala wa chama kimoja.

Matembezi yaliyonizindua kabisa, hata hivyo, ni ya mwaka 2008. Tulikwenda Dvůr Králové, mji mdogo wenye bustani ya wanyama inayosifika kwa wanyama wa Afrika. Tukapandishwa basi. Watoto wa Kicheki waliokuwa kando yetu walikuwa wakipiga kelele "Safari! Safari!", nasi wenye neno hilo tumekaa kimya. Huko ndiko nilikomwona faru kwa macho yangu kwa mara ya kwanza. Mimi, Mkenya, mwana wa nchi ambayo watu huvuka bahari kuja kuwaona wanyama wake, nilimwona faru Ucheki, nikiwa na miaka karibu thelathini! Ndugu wa Tanga aliniuliza kwa utani: "Kwenu hawapo?" Nikakosa jibu. Kwetu wapo. Hatukuwahi kwenda.

Desemba 2009 faru weupe wa kaskazini wanne walihamishwa kutoka bustani hiyo hadi hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, kwa matumaini kwamba wangezaana katika mazingira ya asili. Wa mwisho wa kiume, aliyeitwa Sudan, alifariki Machi 2018. Wamebaki Najin na binti yake Fatu, wote wa kike, na wote wawili walizaliwa Ucheki. Nawauliza wasomaji: ni wangapi kati yetu wamewaona?

Turudi kwenye lugha, maana huko ndiko kazi yangu ilipo. Kiswahili hakikukosa maneno. Tuna mandari, yaani matembezi ya starehe pamoja na chakula. Tuna kubarizi na kupunga upepo. Watu wa pwani walikuwa na jambo hilo, wakalipa majina. Lakini huku bara tulipokea safari, neno la mwendo wenye haja, tukayaacha maneno ya mwendo wenye furaha. Hata mtembezi limepakwa tope. Ukimwita mtu hivyo, huenda umemtusi. Methali yatuonya kwamba mtembezi hula miguu yake.

Sidhani kwamba dharau hiyo yote ni ya asili yetu. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya usajili mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kuanzia miaka 16 akalazimishwa kubeba kipande. Ukikutwa nje bila sababu inayoeleweka, ulikuwa mzururaji, na uzururaji ulikuwa kosa. Sheria ya uzururaji ilibaki katika vitabu vyetu hadi mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru. Mtu aliyefundishwa kwa kiboko kwamba miguu yake lazima iwe na sababu, atamfundisha hivyo mwanawe, na mwanawe atamfundisha mjukuu.

Niliporejea nyumbani mwaka 2011, nilimpeleka baba kliniki mjini Kakamega. Tulipomaliza mapema, nikamwomba tuende hadi Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, tukalitazame Jiwe Linalolia. Akaniuliza kuna nani huko. Nikamwambia hakuna mtu. Alinitazama kama alivyoitazama ile picha, lakini akakubali.

Tuliketi chini ya jiwe hilo na ndizi zetu. Maji yalikuwa yakichuruzika ubavuni mwake. Baada ya kimya kirefu baba akasema: "Miaka sitini napita hapa. Nimelijua kwa dirishani tu." Kisha akaanza hadithi ambayo sikuwahi kuisikia. Alipokuwa kijana, yeye na marafiki wawili walitoroka usiku, wakatembea hadi upande wa Shinyalu kutazama mafahali wakipigana, wakarudi siku ya pili. Walichapwa wote watatu. Hawakutoka tena. Akawataja marafiki hao kwa majina. Wote walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Ndipo nilipofahamu kwamba baba hakuwa adui wa matembezi. Alikuwa amekatazwa mapema mno.

Tulipoinuka aliniuliza: "Wale wenzako wa picha, mnatafutana bado?" Sikuwa nimempigia simu ndugu wa Tanga kwa muda wa mwaka mzima. Nilimpigia usiku huo. Baba alifariki mwaka 2016, na hiyo ndiyo siku pekee tuliyokwenda mahali pamoja bila haja.

Walimu wenzangu, ziara za shule zetu zimekuwa za mabasi ya kukodi hadi Nairobi au Mombasa. Mtoto wa mkulima asiye na ada hubaki nyumbani, akajifunza kwamba matembezi ni ya wenye nacho. Lakini msitu wa Kakamega, mabaki pekee nchini Kenya ya msitu mkubwa wa mvua ulioenea hadi Kongo, uko katika kaunti yetu wenyewe. Mto Nzoia uko karibu zaidi. Watoto wakiongozwa na mwalimu mwangalifu, waweza kwenda kwa miguu Jumamosi moja na viazi vyao, wakataja miti kwa Kinyala na kwa Kiswahili, wakarudi kabla ya jua kutua. Si lazima kuwe na mtihani baadaye.

Nanyi wanafunzi, hasa mtakaobahatika kusoma ng'ambo, someni kwa bidii, na nyumbani msipasahau. Lakini mwenzenu akisimama mlangoni Jumamosi na kuwaita, vaeni viatu. Na mzee aliyebaki nyumbani akiuliza mnakwenda wapi, msimwache na jibu. Mchukueni mwende naye.