Nyama Choma Safarini Kanda ya Ziwa: Tuulize Nini Kabla ya Kula?

 

Watoto wetu wengi wa Unguja na Pemba wanakwenda Shinyanga, Kahama na Geita kwa biashara na kazi za migodini. Mama mmoja ametuuliza: mwanawe alikula wiki mbili katika banda la nyama choma, kisha akagundua kuwa wavu ule ule huchomewa nguruwe. Jee, ana dhambi?

Huku visiwani hatuna mazoea ya kuuliza. Kule watu wamechanganyika, na nguruwe huuzwa waziwazi, mara nyingi bila ya kutajwa kwa jina lake. Huitwa kitimoto, na wengine kwa mzaha humwita mbuzi katoliki. Mgeni asiyejua anaweza kuagiza akidhani ni mbuzi kweli.

Mambo ya kuangalia ni matatu.

Kwanza, mchinjaji. Ada ya miaka mingi Tanzania Bara ni kuwa machinjioni huchinja Muislamu, lakini si ya kuitegemea kila pahala. Suratul-Maaidah, Aayah ya 5, imehalalisha chakula cha Ahlul-Kitaab, ila Maulamaa wa Kishafi wameweka masharti kuhusu nani anaingia katika hukumu hiyo. Kwa hivyo, kutafuta nyama iliyochinjwa na Muislamu ndiyo njia ya salama. Muuzaji Muislamu akikwambia imechinjwa kisharia, kula wala usichimbe. Bibi 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) amepokea kuwa Mtume aliulizwa kuhusu nyama ya watu waliosilimu karibuni, haijulikani kama walitaja jina la Allaah. Akawaelekeza waulizaji walitaje wao, kisha wale (Al-Bukhaariy).

Pili, wavu, kisu na gogo la kukatia. Nyama halali ikigusana na mafuta ya nguruwe hunajisika. Kwa kauli inayotegemewa kwa Mashafi, chombo hicho huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kupangusa kwa kitambaa hakutoshi, wala moto hautwaharishi.

Tatu, pombe. Imepokewa katika At-Tirmidhiy makatazo ya kukaa kwenye meza inayonywewa pombe. Kama banda limo ndani ya baa, tafuta pahala pengine.

Sisi wenyewe tulipopita Kahama tulimuuliza mchomaji asiyekuwa Muislamu. Akatujibu: "Shehe, wavu ni huu huu mmoja. Nendeni kwa yule mzee wa kofia." Tukamshukuru. Anayeuliza kwa adabu hujibiwa kwa ukweli, na aliyetutanabahisha ana haki ya shukrani zetu.

Tunalisema hili kwa sababu Februari 2013, pale Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje nyama ya kuuza ulifikia umwagaji damu, na mchungaji mmoja akauawa. Kuuliza kuhusu chakula chetu ni haki yetu. Kumdhuru jirani kwa ajili ya bucha ni dhulma, na dini yetu imeiharamisha.

Ama kijana wetu, hana dhambi kwa alichokula bila ya kujua; Suratul-Ahzaab, Aayah ya 5, inatubainishia kuwa hakuna lawama kwa tulilokosea pasi na kukusudia. Aache kula hapo tangu sasa, na chombo alichobebea nyama ile akioshe kama tulivyoeleza. Asipopata banda la kuaminika, Ziwa Victoria liko karibu: sato na sangara hawahitaji kuchinjwa. Aulize tu mafuta na kikaango.

Wazazi, wafundisheni watoto masuala haya kabla hawajapanda boti.

Na Allaah Anajua zaidi.