Kidonda hupona, uvimbe haukomi: Ni nani huamuru seli zigawanyike?

KILA asubuhi kabla ya saa moja, watu hupanga foleni nje ya malango ya viwanda katika Industrial Area, Nairobi. Wengi wametembea kutoka Mukuru, Makadara, Kaloleni na Makongeni. Ni vibarua. Msimamizi akitokeza na kuita watu kumi, kumi huingia kazini. Asipoita, hao hubaki pale pale. Nguvu wanazo, ujuzi wanao, ila ruhusa hawana.

Mwili wako, msomaji, nao huendeshwa vivyo hivyo. Umejengwa kwa seli zaidi ya trilioni 30, chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho matupu. Nyingi kati ya zile zenye uwezo wa kujigawa na kuwa mbili zimekaa tu, zikisubiri kuitwa. Afya yetu hutegemea sana utaratibu huo wa kuita na kunyamaza.

Majuzi, katika kibanda cha chai kando ya barabara ya Lunga Lunga, fundi mmoja wa mabati alinionyesha kidole gumba. Bati lilikuwa limemkata hadi karibu na mfupa. Sasa palikuwa na kovu jembamba tu. Akaniuliza swali ambalo limenikaa akilini tangu siku hiyo: "Nyama ilijuaje mahali pa kuacha kumea?"

Sote huona ajabu kwamba kidonda hufunga. Ni wachache wanaojiuliza ni kwa nini hakiendelei kujaa nyama hadi kidole kikawa kama nundu ya ng'ombe.

Bati lilipokata, damu iliganda, na vigandishi vya damu vikamwaga kemikali ambazo ndizo sauti ya msimamizi langoni. Seli za ngozi zilizo kando ya jeraha zilisikia mwito na zikaanza kugawanyika: moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Zilipojaza pengo na kugusana na jirani zao wa upande wa pili, mwito ukafifia. Zikaacha. Hakuna seli inayojiamulia kazi hiyo peke yake.

Kujigawa kwenyewe si jambo la kukata tu katikati kama mkate. Ndani ya kiini cha seli mna kromosomu 46, na ndani ya hizo mna DNA, yaani maagizo yote ya kuujenga na kuuendesha mwili. Ukiinyoosha DNA ya seli moja itafika urefu wa mita 2 hivi. Kabla ya kugawanyika, seli hunenepa kwanza, kisha hunakili maagizo hayo yote, herufi kwa herufi, na baadaye hukagua kazi yake. Hapo ndipo nyuzi nyembamba hushika kromosomu na kuzivuta, nusu huku na nusu kule, kila upande ukipata 46 zake. Seli nyingi za binadamu zinazokuzwa katika maabara huchukua takriban saa 24 kumaliza mzunguko huo, na kuvutana kwenyewe huchukua kama saa moja tu. Muda mwingine wote ni matayarisho na ukaguzi.

Je, mambo haya yalijulikanaje? Jibu litamfurahisha msomaji wa Kiswahili.

Mwaka 1893, mtaalamu Mjerumani aitwaye Paul Lindner alichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Ndani yake alikuta aina ya hamira ambayo, badala ya kuchipuza kama hamira ya mkate, ilirefuka kama kijiti na kukatika katikati. Akaipa jina la kisayansi: Schizosaccharomyces pombe. Neno letu la kawaida kabisa, lile la kilabuni, likaingia vitabuni na halijatoka hadi leo.

Katika miaka ya 1970, Paul Nurse, Mwingereza aliyekuwa akifanya utafiti Edinburgh, aliichukua hamira hiyo kwa sababu hugawanyika haraka na waziwazi. Alipata nyingine zilizokuwa fupi kuliko kawaida, na akang'amua kwamba zilikuwa zikigawanyika mapema mno, kabla ya kukomaa. Breki yake ilikuwa mbovu. Kwa kufuata kasoro za namna hiyo akaifikia jeni moja ambayo ndiyo hasa hutoa ruhusa ya kugawanyika. Mwaka 1987 maabara yake ilionyesha jambo la kushangaza zaidi: ukiiharibu jeni hiyo katika hamira, kisha ukaipachika hamira jeni ya namna hiyo hiyo ya binadamu, hamira huendelea kugawanyika kama kawaida. Kifaa ni kile kile, katika mtungi wa pombe na katika kidole cha fundi wa Lunga Lunga.

Leland Hartwell wa Marekani alikuwa amefanya kazi kama hiyo kwa hamira ya mkate, na ndiye aliyeeleza kwamba seli ina vituo vya ukaguzi. Tim Hunt, Mwingereza, mwaka 1982 aligundua protini zinazopanda na kushuka kila seli inapojigawa, aliziita saiklini. Saiklini zikipanda, ruhusa hutoka. Zikivunjwavunjwa, ruhusa hufutwa. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. (Msomaji asije akachukua habari hizi kuwa kibali cha kuingia kwenye busaa. Kileo chenyewe kimethibitishwa kusababisha saratani, ikiwemo ya umio, ambayo ni tatizo kubwa humu nchini.)

Turudi kwenye vituo vya ukaguzi, maana hapo ndipo maradhi huanzia. Mkaguzi mashuhuri ni protini iitwayo p53, iliyogunduliwa mwaka 1979. Ikikuta DNA imeharibika, husimamisha kazi ili marekebisho yafanywe. Yakishindikana, huiamuru seli ijiue. Ni ukali, lakini ni ukali wa kutuokoa. Binadamu ana nakala mbili tu za jeni yake, moja kwa kila mzazi. Ndovu wa Tsavo na Amboseli ana takriban 40, na wanasayansi wengi wanaamini ndiyo sababu mojawapo ya mnyama mkubwa hivyo kupata saratani kwa nadra.

Saratani, basi, ni seli ambayo haimsikilizi tena msimamizi wala mkaguzi. Karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina kasoro katika p53. Wakati mwingine si breki iliyokatika bali mafuta yamekwama. Mfano ulio karibu nasi ni uvimbe wa taya kwa watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Katika maradhi hayo, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kujibandika mahali pengine, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Jeni ya kuhimiza kugawanyika hujikuta mahali ambapo haizimwi tena, na uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, hutumia ujanja mwingine: huleta protini zao wenyewe zinazoivunja p53 na kumzima mkaguzi mwingine aitwaye Rb. Ndiyo maana chanjo iliyoanza kutolewa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10 hulenga virusi hivyo kabla havijaingia. Mama ambaye hakuipata naye hajaachwa, kwani kupimwa huonyesha seli zilizoanza kuasi miaka mingi kabla hazijawa saratani.

Kwa wanaofanya kazi viwandani, hatari iko hewani pia. Mwaka 2017 wataalamu wa IARC, shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, walikubaliana kwamba moshi wa kuchomelea vyuma husababisha saratani kwa binadamu. Benzini, iliyomo katika petroli, iliorodheshwa zamani. Seli moja hainyang'anywi breki zote kwa mkupuo. Hupoteza moja leo, nyingine baada ya miaka kumi. Kwa hivyo kijana anayechomelea bila barakoa wala hewa ya kutosha hujiona mzima kabisa, na deni hudaiwa akiwa mzee.

Niliyoyaeleza hadi hapa yananisaidia kusema kuhusu jirani yangu mmoja wa Makongeni. Aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Baada ya kutundikiwa dawa mara ya pili, nywele zikadondoka, kinywa kikaota vidonda, na jamaa wakasema anatiliwa sumu. Akaacha. Alikunywa mizizi kwa miezi minne, hadi uvimbe ukatokea kwapani.

Jamaa hao walikosea, lakini sijawalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Nyingi za dawa hizo hushambulia seli zinazogawanyika. Mojawapo, vinkristini, hutokana na ua la Madagaska ambalo watu hulipanda nyumbani kama pambo. Huzuia zile nyuzi zinazovuta kromosomu, na seli hukwama katikati ya kazi. Dawa haiwezi kutambua vyema kati ya seli iliyoasi na ile iliyoitwa kihalali. Mizizi ya nywele hugawanyika mchana na usiku. Utando wa kinywa na utumbo vilevile, hata utando wa utumbo hujibadilisha wote kwa siku chache tu. Nywele zinapodondoka ni kwamba dawa imezikuta seli zikiwa kazini.

Chembe nyeupe za damu nazo hupungua, na hizo ndizo askari wetu. Mgonjwa aliye kwenye matibabu hayo akipata homa, hata usiku wa manane, apelekwe hospitalini mara moja. Asimeze vidonge vya dukani akangoja kukuche.

Na wewe ambaye huna ugonjwa, kama una kidonda kinachopita majuma matatu bila kufunga, mdomoni au kwenye ngozi, au uvimbe unaokua pasipo maumivu, mwonyeshe daktari. Watu hungoja hadi paume. Seli zinazogawanyika bila ruhusa haziumi zikiwa chache.

Jirani alirudi hospitalini na sasa amemaliza dozi zake, bado anafuatiliwa. Jumapili iliyopita alivua kitambaa ili nione. Nywele zimeanza kuota, laini kama za mtoto mchanga, nyingi zaidi upande wa kisogo.