Kinachorusha Nyuma ya Pikapu Iliyonyanyuliwa

Madereva wa utalii wa Arusha wanaijua kwa viuno vyao barabara itokayo Ngorongoro kwenda lango la Naabi. Ni changarawe iliyojikunja mawimbi madogo, wimbi juu ya wimbi, na gari lenye springi mbovu hupita hapo likilia kila kiungo. Watalii hulalamika, lakini anayeteseka kuliko wote ni dereva wa pikapu ya kambi: Land Cruiser 79 iliyonyanyuliwa sentimita tano, nyuma inavuta tela la maji au la vyombo vya jikoni. Akienda na mzigo, nyuma ya gari hulala na taa zake humulika vilele vya miti. Akirudi mtupu, nyuma inadunda hata chupa ya chai haikai mahali pake. Akifika gereji, jibu analopewa ni lile lile: tuongeze jani.

Jibu hilo ndilo ninalotaka kulipinga. Jani la kuongeza hutibu safari ya kwenda na kuiharibu ya kurudi, kwa sababu tatizo halisi si udhaifu wa springi. Springi moja imeombwa kubeba magari mawili tofauti, lililojaa na lililo tupu, na kila unapolipendelea moja unalilipisha jingine.

Springi za nyuma za pikapu hizi ni za majani: vyuma bapa vilivyopinda, virefu juu na vifupi chini, vikabanwa kwenye ekseli kwa yuboliti. Toyota ilipoupa mfululizo wa 70 springi za koili mbele mwaka 1999, nyuma iliacha majani. Yana faida zake. Jani hubeba mzigo na papo hapo huishika ekseli isisogee mbele wala nyuma, na likivunjika porini dereva mzoefu hulifunga kwa mpira na kipande cha gogo akafika.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni iliyobeba jina lake hadi leo: springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoikandamiza. Mzigo ukiwa mara mbili, inabonyea mara mbili. Kutokana na kanuni hiyo fupi tunapata jambo ambalo gereji nyingi hazilitumii, nalo ni kwamba kasi ambayo gari hupanda na kushuka hutegemea umbali ambao springi imebonyea chini ya uzito ilioubeba. Iliyobonyea sentimita 25 hucheza mara moja kwa sekunde. Iliyobonyea sentimita sita hucheza mara mbili. Magari madogo ya starehe hukaa kati ya mara moja na moja na nusu, na abiria wake husinzia. Ukivuka mara mbili kwa sekunde, watu huanza kusema gari ni gumu, maana unasogea kuelekea eneo ambalo mwili wa mtu aliyeketi hauna ustahimilivu. Viwango vya kimataifa vya mtikisiko, ISO 2631, vinaonyesha kwamba mtikisiko wa juu na chini tunauhisi zaidi ukiwa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Chukua pikapu ambayo springi moja ya nyuma hubeba kilo 400 gari likiwa tupu, na kilo 900 likiwa na mzigo pamoja na tela. Springi inayohitaji nyutoni 80 ili ibonyee milimita moja itacheza mara 2.25 kwa sekunde gari likiwa tupu na mara 1.5 likijaa. Hiyo inavumilika, ila kwa mzigo nyuma italala sana. Fundi akikaza hadi nyutoni 120, mzigo unabebeka vizuri kwa mara 1.8, lakini tupu inapanda hadi karibu 2.8. Hapo ndipo chupa ya chai inapoanza kuruka.

Badala yake tumia springi kuu laini ya nyutoni 60, chini yake weka jani la msaada lisiloguswa mpaka gari libonyee kiasi, nalo liongeze nyutoni 60. Tupu, springi kuu peke yake hucheza mara 1.95. Mzigo ukiingia, jani la msaada linaguswa, jumla inakuwa 120 na gari linacheza mara 1.84. Gari ni lile lile likiwa tupu na likiwa limejaa. Chuma hakikuwa kingi kuliko kile cha fundi, kimepangwa tu kufanya kazi kwa zamu.

Unene wa jani nao unastahili tahadhari. Ugumu wa jani hupanda kwa mchemraba wa unene wake. Jani la milimita 8 halizidi la milimita 6 kwa theluthi moja tu. Ni gumu mara 2.4 hivi. Kwa hiyo jani moja nene lililookotwa kwenye gari kuukuu linaweza kuubadili mwenendo wa gari zima, na hakuna aliyepima. Mbaya zaidi ni jani lililonyooka likakunjwa upya kwa moto wa mkaa. Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupozwa ghafla kisha kupashwa moto tena kwa kiwango kinachodhibitiwa. Ukikipasha kiholela unaiondoa nguvu hiyo, na baada ya safari chache jani hulala au hukatika. Wahunzi wanaofua sime kwa majani ya springi wanajua thamani ya chuma hicho kuliko baadhi ya mafundi wa magari.

Tuje kwenye kunyanyua kwenyewe. Kimo kinapatikana kwa njia tatu, na kila moja huacha alama yake nyuma ya gari. Ya kwanza ni kurefusha shakeli, vile vibao vinavyoshika ncha ya nyuma ya springi. Kwa kuwa ni ncha moja tu inayosogezwa, ili gari lipande sentimita tano shakeli lazima irefuke takriban kumi, na ekseli nzima inageuka kidogo. Propela hupata pembe isiyoizoea na kuanza kutetema. Njia ya pili ni kuweka kibao cha chuma kati ya ekseli na springi. Ni rahisi, haibadili ugumu wa springi, lakini kibao kirefu huipa ekseli wenzo wa kuisokota springi kila unapokanyaga mafuta au breki, na tela likiwa nyuma msokoto huo ni mkubwa zaidi. Ya tatu ni springi mpya zilizopinda zaidi. Hii ndiyo bora, mradi uliyezinunua kwake amekuuliza unabeba kilo ngapi. Muuzaji asiyekuuliza atakupa zile za mizigo mizito, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba gari lake halikulala.

Kuna pia msuguano. Majani mengi yanayogusana hukataa kuteleza kwa mishtuko midogo. Yakijaa vumbi na kutu hufungana, na kwenye mawimbi ya changarawe gari husafiri juu ya tairi zake tu. Desturi ya kumwagia oili chafu ni ya kupita, kwani oili hunasa vumbi na baada ya muda hugeuka tope la kusagia. Safisha, kisha weka vipande vya plastiki ngumu kwenye ncha za majani. Zipo pia springi za majani machache, manene katikati na membamba kwenye ncha, yasiyogusana isipokuwa mwisho. Hizo ni laini kwelikweli, lakini kwa kuwa zimepoteza msuguano uliokuwa ukizituliza, zinadai shokapu nzuri.

Shokapu ndiyo inayolaumiwa kwanza na kueleweka mwisho. Haibebi uzito. Kazi yake ni kulazimisha oili ipite kwenye matundu madogo, ili nishati ya kudunda igeuke joto. Shokapu inayotosha gari tupu huwa dhaifu mzigo ukiongezeka, kwa kuwa kinachodunda sasa ni kizito zaidi na nguvu yake ya kutuliza haikubadilika. Ndiyo maana gari lenye tela huendelea kuyumba juu na chini hata baada ya kuvuka tuta. Halafu kuna urefu: gari likinyanyuliwa bila kubadili shokapu, gurudumu likishuka shimoni shokapu hufika mwisho wake na kugonga, na mlio huo watu hudhani ni bushi.

Barabara ya mawimbi inaichosha shokapu kuliko mashimo. Mawimbi yakiachana sentimita 70, gari la kilomita 50 kwa saa hupigwa karibu mara 20 kila sekunde, na joto linalozaliwa huilegeza oili hadi shokapu inapoteza nguvu kabla ya safari kwisha. Wala tusiwalaumu madereva peke yao kwa mawimbi hayo. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio ya gurudumu lililokokotwa juu ya meza ya mchanga inayozunguka. Mawimbi yalizaliwa hata gurudumu lisipokuwa na springi wala shokapu, mara tu kasi ilipovuka kiwango fulani cha chini. Barabara ya changarawe ina tabia hiyo ndani yake.

Na tela? Uzito linaouweka kwenye ndoano hauishii kwenye ndoano. Ndoano iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo inafanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya ubao uliowekwa juu ya gogo. Kwenye Land Cruiser 79 ya kabini moja, magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana milimita 3,180. Tuseme ndoano iko milimita 1,300 nyuma ya ekseli na tela linaikandamiza kwa kilo 250. Ekseli ya nyuma haipokei kilo 250, inapokea takriban 352, na hizo 102 za ziada zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Gari lililonyanyuliwa tayari limekipandisha kitovu chake cha uzito. Ukilipunguzia na mbele, usukani unakuwa mwepesi pale pale unapouhitaji.

Kupunguza uzito wa ndoano kupita kiasi si dawa. Tela lenye mzigo mwingi nyuma ya ekseli yake hutikisa mkia, na kasi ikipanda huliburuta gari nalo. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 10 ya uzito wa tela likiwa limejazwa. Pipa la maji likae juu ya ekseli ya tela, si mbele wala nyuma. Pia angalia kimo cha ndoano: pikapu ikipanda, ndoano nayo hupanda, tela linatazama juu na uzito wake unarudi nyuma. Ndoano ya kushuka chini, inayolirudisha tela usawa, ni ya bei nafuu kuliko springi zozote, na nashangaa kwamba ni wachache wanaoitafuta.

Kwa anayebeba mzigo mzito siku chache na kutembea mtupu siku nyingi, mifuko ya upepo ya kusaidia springi ni jambo la maana. Ni wazo lile lile la mabasi ya masafa marefu yanayokaa juu ya upepo: mzigo ukiongezeka unajaza upepo, gari linarudi kimo chake, ugumu unapanda pamoja na uzito, na mchezo wa gari haubadiliki sana. Lakini mfuko si ruhusa ya kuzidisha mzigo. Springi ya majani huipa chesisi uzito katika sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli; mfuko unasukuma sehemu moja tu, katikati. Australia, ambako pikapu nyingi huvuta matela ya kupigia kambi, mafundi wanazijua chesisi zilizopinda kwa sababu hiyo: mifuko imejazwa, tela zito, ndoano mbali nyuma, kisha tuta moja la ghafla.

Kabla ya kununua chochote, peleka gari kwenye mizani. Pima ekseli ya nyuma likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo na tela limefungwa. Namba hizo mbili ndizo anazohitaji muuzaji wa springi, na bila hizo yeye na wewe mnabahatisha. Kisha angalia upepo wa tairi, kwa kuwa tairi ni springi ya kwanza ya gari. Pikapu nyingi zinazosemwa ngumu zinatembea tupu na upepo uliojazwa kwa ajili ya mzigo wa wiki iliyopita. Chagua springi kuu kwa uzito wa siku zako za kawaida, na hiyo ziada ibebwe na jani la msaada au mifuko. Shokapu ziwe ndefu za kutosha, na ikiwezekana zile zinazorekebishika.

Na fundi anapofunga springi mpya, simama karibu. Boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa limening'inia kwenye jeki, raba hubaki imesokotwa, inaongeza ugumu na kuchanika mapema. Kaza yuboliti tena baada ya kilomita 500 za kwanza, maana majani mapya hukaa na kuzilegeza.